Tiba ya maradhi ya kusahau: Busia na Tororo zina uzoefu wa majaribio, wazee wake bado wamo foleni

Kwa zaidi ya miaka 20, vijiji vilivyo kati ya Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, vimetoa majibu yanayotumiwa na madaktari wa dunia nzima: dawa ipi ya malaria inamfaa mama mjamzito, mgonjwa wa UKIMWI afuatwe nyumbani au aitwe kliniki, watoto wa shule wapewe dawa ya minyoo au la. Lakini liko swali moja ambalo halijapewa nafasi hiyo. Mzee anayeanza kusahau majina ya wanawe atibiwe vipi, na anayemtunza asaidiwe na nani?

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu dawa mpya za maradhi hayo zilipoingia katika soko la nchi tajiri. Dawa hizo zimetangazwa kuwa mwanzo wa enzi mpya. Kwa wakazi wa mpakani, hata hivyo, la kujiuliza si wakati gani zitafika tu, bali pia kama zilijaribiwa kwa watu wanaofanana nao, na kama hakuna njia nyingine, iliyo nafuu na iliyokwisha kupimwa karibu na nyumbani.

Dawa mpya, wagonjwa wa kwingine

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia. Jina hilo linajumlisha maradhi yanayoharibu ubongo na kumpokonya mtu kumbukumbu, uwezo wa kufikiri na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Aina inayoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer. Zaidi ya asilimia 60 ya watu hao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mwezi Julai 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa iitwayo lecanemab, na Julai 2024 ikafuata donanemab. Zote mbili huondoa protini ya amiloidi inayojikusanya katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Jaribio kuu la lecanemab, lililochapishwa mwaka 2022, lilihusisha watu 1,795 kwa muda wa miezi 18. Waliopewa dawa walidhoofika polepole zaidi, kwa asilimia 27, kuliko waliopewa dawa bandia, yaani dripu isiyo na kiambato chochote cha tiba.

Asilimia 27 inasikika kubwa. Katika kipimo chenyewe, chenye alama 18, tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa chini ya nusu alama. Wako madaktari wanaoiona kuwa ni hatua ya kwanza baada ya miongo ya kushindwa, na wako wanaosema kwamba familia nyumbani haiwezi kuitambua. Zaidi ya hayo, takriban mtu mmoja kati ya wanane waliopewa dawa hiyo alipata uvimbe katika ubongo, ingawa wengi wao hawakuhisi dalili zozote.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana: watu weusi walikuwa chini ya 3 katika kila washiriki 100 wa jaribio hilo. Upungufu huo una uzito wa kisayansi. Utafiti mashuhuri uliolinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na Waamerika Weusi wa Indianapolis, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba wagonjwa wapya wa dimensia walipatikana kwa kiwango cha chini ya nusu huko Ibadan. Ikiwa maradhi hayajitokezi sawasawa kila mahali, haifai kudhani kwamba faida na madhara ya dawa yatakuwa yale yale kila mahali.

Kisha kuna gharama. Lecanemab iliingia soko la Marekani kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka. Katika jaribio kuu ilitolewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili, na mgonjwa hupigwa picha za ubongo mara kwa mara kwa mashine ya MRI, huduma ambayo mtu wa Busia au Tororo huisafiria miji mikubwa kama Kisumu, Eldoret au Kampala.

Uganda ilikwisha kujaribu

Si kweli kwamba Afrika Mashariki haijawahi kupima tiba ya maradhi ya akili yanayotokana na ubongo kudhoofika. Nchini Uganda, njia ilifunguliwa na UKIMWI. Virusi vya UKIMWI huweza kuushambulia ubongo na kumfanya hata kijana awe mzito wa kufikiri, msahaulifu na asiye na ustadi wa mikono. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani na Uganda walichapisha kipimo kifupi cha hali hiyo, kilichojaribiwa Baltimore na Kampala, kilichobuniwa ili kitumike hata pasipo na daktari bingwa wa neva.

Mwaka uliofuata, utafiti mdogo mjini Kampala ulionyesha kwamba wagonjwa walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi walipata nafuu ya akili baada ya miezi 3 na 6. Ndipo wataalamu, miongoni mwao Dkt. Noeline Nakasujja wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakajaribu kwenda hatua nyingine: minosaiklini, dawa ya kale ya kuua bakteria, iliyokuwa imeleta matumaini katika majaribio ya wanyama. Watu 73 waligawanywa kwa kura; wengine wakapewa dawa, wengine kidonge kisicho na kitu, kwa wiki 24. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakuonyesha nafuu yoyote.

Kushindwa huko kuna faida ambayo wasiozoea majaribio huweza kutoiona. Bila kundi la kulinganisha, huenda dawa hiyo ingeandikiwa maelfu ya watu kwa matumaini tu. Jaribio ni mizani, na mizani haimpendelei muuzaji wala mnunuzi.

Hai: tiba isiyo na kidonge

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya kijijini unatoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania. Katika mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakakadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimensia.

Tatizo la kwanza lilikuwa vipimo vyenyewe. Vingi vilivyoandikwa Ulaya humtaka mtu aandike sentensi, achore umbo au ataje tarehe kamili. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu huonekana mgonjwa kumbe hakusoma tu. Kipimo kilichotayarishwa kwa ajili ya mazingira hayo humwuliza mzee mambo mengine: ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa muda mfupi, aeleze daraja ni nini, apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano.

Tiba iliyojaribiwa Hai haikuwa dawa bali mazungumzo ya kundi yanayochangamsha akili. Njia hiyo ilianzia Uingereza, ambako mwaka 2003 ilipimwa kwa watu 201. Ilipofikishwa Hai ilibadilishwa ili iwafae watu wasiosoma na wanaoishi kwa kilimo: vitu vya kushika, methali, nyimbo na kumbukumbu za ujana vikachukua nafasi ya magazeti na maandishi. Wazee 34 wenye dimensia ya kiwango kidogo au cha kati walihudhuria vipindi 14 katika wiki 7. Mpango ulikuwa wa zamu, wengine wakianza mapema na wengine baadaye, kiasi kwamba hakuna aliyenyimwa huduma moja kwa moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezo wa kufikiri uliongezeka, na wasiwasi pamoja na tabia zinazosumbua vikapungua.

Watu 34 ni wachache, na hakuna mtaalamu makini atakayejenga sera ya taifa juu ya idadi hiyo. Lakini kilichothibitika ni kwamba jaribio la namna hiyo linawezekana kijijini, kwa lugha ya wazee wenyewe, kwa gharama isiyohitaji mashine.

Kenya nayo ilishiriki katika mpango wa nchi saba uitwao STRiDE, ulioanza mwaka 2018. Katika kaunti ya Makueni mpango huo ulijaribu kupunguza unyanyapaa dhidi ya wenye dimensia. Hilo si jambo dogo: katika jamii nyingi za eneo hili, mzee anayezurura usiku au kuzungumza na wasioonekana huitwa mchawi au aliyelaaniwa kabla hajaitwa mgonjwa.

Vijiji 326 na shinikizo la damu

Ushahidi mpya unaoigusa Busia zaidi ulitoka vijiji vya China. Mwezi Aprili 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 33,995 wenye shinikizo la juu la damu, katika vijiji 326. Kura haikupigwa kwa mtu mmoja mmoja bali kwa kijiji kizima. Katika nusu ya vijiji, matabibu wa kijijini, wasio na mafunzo makubwa, waliwafuatilia wagonjwa, kurekebisha dozi na kuwapatia dawa za bei nafuu. Vijiji vingine viliendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miaka minne, dimensia ilikuwa chini kwa asilimia 15 katika vijiji vilivyohudumiwa hivyo.

Matokeo hayo yanaafikiana na ripoti ya mwaka 2024 ya jopo la wataalamu la jarida la Lancet, iliyotaja mambo 14 yanayoweza kuzuilika au kupunguzwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya dimensia duniani. Katika orodha hiyo yamo mambo ambayo mkazi wa mpakani huyaona kila siku: majeraha ya kichwa, ambayo abiria na mwendeshaji wa bodaboda asiye na kofia hujiweka hatarini kuyapata, hewa chafu, kisukari, macho yasiyotibiwa, masikio yaliyopungua kusikia, na elimu iliyokatika utotoni.

Yale ambayo Busia na Tororo wanayajua

Hapo ndipo historia ya eneo hili inapopata maana. Mbinu ya kupigia kura kijiji au shule si ngeni Busia. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za msingi za Busia upande wa Kenya, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziligawanywa katika zamu za kupewa dawa ya minyoo. Ikaonekana kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa kuwa maambukizi yalipungua jirani yao. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo, Michael Kremer, ni kati ya watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi ya majaribio ya aina hiyo.

Upande wa Uganda, mradi wa huduma ya UKIMWI nyumbani ulioanza Tororo mwaka 2003 uliwatuma wahudumu wasio madaktari, kwa pikipiki, kuwapelekea wagonjwa dawa kila wiki. Ndani yake mlikuwa na jaribio la watu 1,094, lililochapishwa mwaka 2011, lililouliza kama mgonjwa aangaliwe kwa dalili tu au apimwe damu pia. Waliotegemea dalili peke yake walipata maradhi mazito na vifo zaidi. Huko Jinja, kwenye barabara ile ile iendayo Kampala, jaribio jingine la watu 1,453 lilionyesha mwaka 2009 kwamba huduma ya nyumbani haikuwa duni kuliko ya kliniki.

Majaribio ya malaria yamefuata mkondo huo. Wajawazito 300 walishiriki Tororo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, na wengine 782 Busia, Uganda, katika ule wa mwaka 2019, wakilinganisha dawa ya kinga iliyozoeleka na dawa mpya.

Kwa hiyo eneo hili lina vitu ambavyo jaribio la dimensia linavihitaji: wahudumu wanaojua kugonga hodi, familia zilizowahi kusikia maana ya kura na dawa bandia, na maabara na ofisi zenye uzoefu. Kinachokosekana ni wazee kuhesabiwa miongoni mwa wanaostahili kuulizwa swali.

Kuna sababu nyingine ya haraka. Vijana na watu wazima walioanza dawa za UKIMWI Tororo mwaka 2003 na 2004 sasa wanazeeka. Dawa ziliwaokoa na kifo. Miaka waliyoongezewa inawaleta kwenye umri wa shinikizo la damu, kisukari na usahaulifu. Kizazi hiki kimejulikana na watafiti kwa miongo miwili. Kukiacha sasa kungekuwa sawa na kufunga kitabu kabla ya sura ya mwisho.

Nani anaridhia?

Jaribio la dimensia lina ugumu ambao jaribio la malaria halina. Mshiriki anatakiwa aelewe, akubali kwa hiari, na ajue kwamba anaweza kujitoa siku yoyote. Je, itakuwaje kwa mtu ambaye kuelewa kwenyewe ndiko kunakopotea?

Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti uliofanyiwa marekebisho Oktoba 2024, linasema kwamba asiyeweza kuridhia awakilishwe, lakini yeye mwenyewe pia aulizwe kadiri awezavyo, na kukataa kwake kuheshimiwe. Kwenye karatasi jambo hilo ni wazi. Kwenye boma la Samia, la Iteso au la Japadhola, anayesema kwa niaba ya mzee mara nyingi ni kaka au mwana wa kwanza wa kiume, huenda anaishi Nairobi au Kampala, ilhali anayemwosha na kumlisha ni mke, binti au mkwe. Yule anayetia sahihi si yule atakayeona kama mzee amebadilika. Utafiti wenye adabu utawataka wote wawili.

Lugha nayo ina uzito. Kiswahili kinatosha sokoni na kwenye foleni ya malori, lakini mzee anayepoteza kumbukumbu mara nyingi hurudi kwenye lugha aliyoinyonya kwa mama yake. Kipimo cha Kiswahili kilichofaa Hai hakiwezi kuhamishiwa Tororo pasipo kutafsiriwa na kujaribiwa upya kwa Kidhopadhola, Kiteso au Kisamia.

Mpaka mmoja, mifumo miwili

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimerahisisha safari ya mizigo na watu. Huduma za wazee hazijaunganishwa hivyo. Kenya huwapa wenye miaka 70 na zaidi walio katika mpango wa Inua Jamii shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Uganda huwapa wenye miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 za Uganda. Kenya ilianzisha Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024 badala ya bima ya zamani. Uganda haina bima ya afya ya taifa. Kenya ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa mwaka 2023 na kupewa vifaa vya kupimia, kikiwemo cha shinikizo la damu. Uganda inategemea timu za afya za vijiji zinazojitolea.

Tofauti hizo zingeweza kuwa kikwazo, kwa kuwa jaribio la pande mbili lingehitaji vibali vya nchi mbili. Zingeweza pia kuwa nafasi. Watu wa kabila moja, wenye chakula na desturi zinazofanana, wanahudumiwa na mifumo miwili. Si mahali pengi duniani ambapo mtafiti anaweza kuona kwa ukaribu kama kinachomsaidia mzee ni dawa, posho au mtu anayemtembelea.

Fedha zilizokatika

Sehemu kubwa ya utafiti uliotajwa hapa upande wa Uganda ilitegemea fedha za Marekani. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Taasisi yake kuu ya utafiti wa afya nayo ilibadilisha, mwezi Mei 2025, kanuni za kupitisha fedha kwa washirika wa nje. Majaribio yaliyokatizwa njiani yaliwafundisha wengi jambo chungu: mshiriki anaweza kubaki amekwisha kumeza dawa bila mtu wa kumwangalia.

Kwa mgonjwa wa dimensia, kukatizwa kuna maumivu ya aina yake. Mzee aliyezoea kundi lake la kila wiki hawezi kuelezwa kwa nini halikutani tena. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mradi wowote utakaofika Busia au Tororo linapaswa kuhusu siku ya mwisho: mradi ukimalizika, nani atabaki?

Mwezi Mei 2025 mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliongeza muda wa mpango wa dunia wa dimensia hadi mwaka 2031. Serikali za Nairobi na Kampala hazihitaji kungoja dripu ya dola elfu kadhaa ili zianze. Kupima shinikizo la damu nyumba kwa nyumba, kutibu macho na masikio, na kuunda makundi ya wazee kwa mfano wa Hai ni mambo yanayoweza kupimwa kwa mizani ile ile iliyotumika kwa minyoo, malaria na UKIMWI.

Kwa familia zilizo mbali

Wengi wa wanaowagharamia wazee hawa wanaishi ughaibuni na hupata habari kwa simu. Sauti ya mama inaporudia swali lile lile mara ya tatu, ni rahisi kusema kwamba ni uzee. Uzee peke yake hauleti dimensia, na baadhi ya usahaulifu hutokana na mambo yanayotibika, kama tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona au dawa zinazogongana. Uchunguzi hospitalini huja kabla ya kutuma fedha za dawa zinazouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kurudisha kumbukumbu.

Na familia ikialikwa kwenye jaribio, hapa au nyumbani, ina haki ya kuuliza: kibali kimetolewa na nani, kuna uwezekano gani wa kupewa dawa bandia, madhara yakitokea, nani atalipia matibabu, mzee akikataa siku moja, itakuwaje, na tiba ikifaa, ataendelea kuipata? Mtafiti mwema hachukizwi na maswali hayo. Vijiji vya Busia na Tororo vimeyauliza kwa miaka mingi kwa ajili ya watoto na mama zao. Wazee wanasubiri yaulizwe kwa ajili yao.